Daisuke Amaya: Mtunzi wa michezo ya tarakilishi aliyefanya kazi ya kikosi peke yake

DAISUKE Amaya, anayefahamika zaidi kwa jina lake la kisanii Pixel, ni mtunzi wa michezo ya tarakilishi kutoka Japani ambaye aliandika programu, akachora picha, akatunga muziki na kubuni hadithi ya mchezo uitwao Doukutsu Monogatari bila kuajiriwa wala kufadhiliwa na kampuni yoyote kwa kazi hiyo.

Mchezo huo, ambao jina lake lina maana ya “Hadithi ya Pango” na ambao nje ya Japani unajulikana kama Cave Story, ulitolewa bila malipo mnamo Desemba 20, 2004. Mtunzi wake alikuwa ameutumikia kwa muda wa miaka mitano, katika saa zake za mapumziko.

Leo hii wachunguzi wengi wa fani ya michezo ya tarakilishi huutaja miongoni mwa kazi zilizofungua njia kwa watunzi huru, yaani wale wanaofanya kazi peke yao au katika vikundi vidogo bila kuongozwa na makampuni makubwa.

Makala haya yanaeleza kazi zake za awali, ala alizojitengenezea, sanaa yake ya pikseli, na yaliyoipata kazi hiyo ya bure ilipoingia sokoni.

Mazingira aliyoanzia

Bw Amaya alizaliwa Aprili 29, 1977. Kizazi chake kilikulia katika miaka ya 1980, wakati mashine ya Famicom ya kampuni ya Nintendo ilipokuwa imeenea majumbani kote Japani. Mmoja wa michezo ya enzi hiyo iliyomvutia sana ni Metroid, uliotolewa mwaka wa 1986.

Jambo moja lilimgusa kuhusu michezo hiyo ya utotoni. Mingi ilikuwa imetengenezwa na watu wachache. Ikiwa wachache waliweza, basi hata mtu mmoja mwenye subira angeweza kujaribu.

Aidha, Japani ilikuwa na desturi ya muda mrefu ya wasanii kujichapishia kazi zao wenyewe, desturi ijulikanayo kama dojin. Soko maarufu la kazi za aina hiyo, Comic Market, lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka wa 1975 jijini Tokyo. Katika desturi hiyo, mtu asiye na kampuni nyuma yake haonekani kuwa wa ajabu anapowaletea wenzake kitabu, wimbo au mchezo alioutengeneza mwenyewe.

Intaneti ilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1990, msanii wa namna hiyo hakuhitaji tena kukodi meza sokoni. Alichohitaji ni tovuti tu. Bw Amaya aliisambaza kazi yake kwa jina la Studio Pixel, ingawa “studio” hiyo ilikuwa mtu mmoja na tarakilishi yake.

Michezo ya kwanza

Kabla ya Cave Story, Bw Amaya alitengeneza michezo kadhaa midogo. Mmojawapo ni Azarashi, jina ambalo kwa Kijapani lina maana ya sili, yule mnyama wa baharini.

Katika mchezo huo, sanamu tatu ndogo za sili, mfano wa mapambo ya kuning’iniza funguo, huwa zimetundikwa. Zinapoanguka ghafla, mchezaji anatakiwa kuzinasa kwa pini kabla hazijamponyoka. Hakuna hadithi wala safari, bali wepesi wa jicho na wa kidole.

Mchezo wa pili, Ikachan, ulitolewa mwaka wa 2000. Mhusika mkuu ni ngisi mdogo anayezinduka ndani ya pango chini ya bahari na kukuta kwamba matetemeko ya ardhi yamewafungia humo viumbe wa baharini. Chakula kimekuwa haba, na samaki mkubwa aitwaye Iron Head anawatawala wenzake.

Ikachan ni mfupi, na mchezaji hodari huweza kuumaliza kwa muda wa saa moja hivi. Hata hivyo, ndani yake mna mbegu za kazi kubwa iliyofuata: pango lililofungwa, jamii ndogo iliyo katika hofu, mtawala mwonevu, na mgeni anayepata uwezo mpya hatua kwa hatua hadi milango iliyofungwa ikamfungukia. Hata Iron Head mwenyewe anajitokeza tena katika Cave Story kama adui wa majini.

Sanaa ya pikseli

Picha yoyote inayoonekana kwenye kioo cha tarakilishi imeundwa kwa vidoto vidogo viitwavyo pikseli. Katika picha ya kawaida vidoto hivyo ni vingi mno hivi kwamba jicho haliwezi kuvitenganisha. Katika sanaa ya pikseli, msanii huvitumia vichache na kukipanga kila kimoja kwa mkono, mithili ya fundi wa shanga anayechagua rangi ya kila punje.

Cave Story huonyeshwa katika uwanja wenye upana wa pikseli 320 na kimo cha pikseli 240, yaani vidoto 76,800 kwa jumla. Uwanja huo umegawanywa katika vigae vya pikseli 16 kwa 16. Hivyo basi, ukumbi mzima unaoonekana kwa wakati mmoja unaenea katika vigae 20 kwa upana na 15 kwa kimo.

Mhusika mkuu anatosha ndani ya kigae kimoja tu. Vidoto 256 ndivyo vinavyomwonyesha akitembea, akiruka, akitazama juu na akianguka. Hakuna nafasi ya kuchora uso wenye huzuni, kwa hivyo huzuni sharti itoke kwenye muziki, kwenye maneno na kwenye ukimya wa mahali.

Bw Amaya alitilia maanani zaidi uwazi wa picha kuliko urembo wake. Mhusika ana ngozi nyeupe na kofia nyekundu, ilhali mapango mengi ni ya rangi zilizofifia. Mchezaji hampotezi mtu wake hata risasi zinaporuka kutoka kila upande.

Uchache huo una faida nyingine. Mtu mmoja anaweza kuchora adui mpya jioni moja, akamwingiza mchezoni, na asipoupenda mwendo wake akamfuta bila majuto. Kazi iliyochorwa kwa ufundi wa gharama kubwa haibomolewi kwa wepesi huo.

Ala alizojitengenezea

Bw Amaya hakuwa na programu za bei ghali za kutungia michezo, na mwanzoni hakuwa na ujuzi mwingi wa kupanga kazi kubwa ya programu. Alipokwama, alijitengenezea ala. Kwa ajili ya kuchora mapango, aliandika programu zake mwenyewe za kuhariri ramani.

Kwa upande wa muziki, mojawapo ya programu zake inaitwa Org Maker, nayo hutumia mfumo uitwao Organya. Mfumo huo una njia 16 za sauti: nane ni za ala za kupiga lahani na nane ni za ngoma. Mtunzi huchagua sauti ya lahani kutoka kwa mawimbi 100 mafupi, kisha akazipanga noti mojamoja kwa kipanya kwenye mistari inayofanana na vibonye vya kinanda.

Muziki wa aina hiyo haurekodiwi. Faili huhifadhi maagizo tu, yaani noti gani ipigwe, lini na kwa nguvu kiasi gani, na tarakilishi ndiyo inayoupiga papo hapo. Ndiyo sababu wimbo mzima huchukua nafasi ndogo sana.

Baadaye alitengeneza programu nyingine ya muziki iitwayo Pxtone, yenye uwezo mkubwa kuliko ile ya kwanza. Programu hizi aliwapa watu wengine bila malipo, na watunzi chipukizi wa nchi mbalimbali walizitumia kutunga nyimbo zao.

Matukio ya mchezo nayo yaliandikwa kwa lugha fupi aliyoibuni mwenyewe. Kila tukio hupewa nambari ya tarakimu nne, na kila amri huwa na herufi tatu: onyesha maneno, fungua mlango, cheza wimbo, mpe mchezaji silaha. Kwa njia hiyo aliweza kubadilisha hadithi bila kugusa kiini cha programu.

Matokeo yake ni kwamba mchezo mzima, pamoja na picha, muziki na hadithi, ulipakuliwa kwa takriban megabaiti moja. Ungeweza kutoshea kwenye disketi ya kawaida ya megabaiti 1.44. Mwezi mmoja tu kabla yake, mnamo Novemba 2004, ulikuwa umetolewa mchezo wa Half-Life 2, kazi ya makumi ya wafanyakazi na ambayo haingetoshea kwenye disketi mia moja.

Miaka mitano ya kujenga na kubomoa

Bw Amaya alianza kuutunga mchezo huu angali mwanafunzi, na akaumalizia akiwa ameajiriwa kama mtayarishi programu. Alianza na ukurasa wa kwanza wa mchezo, nyimbo chache na mwendo wa mhusika. Mandhari ya pango hayakupangwa. Yalijitokeza yenyewe kadiri alivyozidi kuchora vyumba vilivyofungwa.

Ukosefu wa mpango ulikuwa na gharama yake. Toleo la awali lilipofika mbali halikumridhisha, akalibomoa na kujenga upya sehemu kubwa ya mchezo. Mwaka wa 2011, katika mkutano wa watunzi wa michezo uitwao Game Developers Conference mjini San Francisco, Marekani, alieleza hadharani safari hiyo.

Kwa mtu ambaye hakuwa na mkataba wala tarehe ya mwisho, kubomoa kulikuwa rahisi, na kuacha kabisa kulikuwa rahisi zaidi. Hakuna mwajiri ambaye angemuuliza kazi imefika wapi. Wengi wanaoanza miradi ya namna hii huishia hapo. Karibu na mwisho, aliwapa marafiki zake mchezo huo waujaribu, akarekebisha alichoona kinawatatiza.

Hadithi na namna unavyochezwa

Mchezo unaanza kwa roboti kuzinduka pangoni akiwa amepoteza kumbukumbu. Anagundua kwamba yuko ndani ya kisiwa kinachoelea angani, wanamoishi viumbe wapole wanaofanana na sungura waitwao Mimiga. Mwanamume ajulikanaye kama Daktari amejipatia taji lenye nguvu za kichawi na anawateka Mimiga hao. Anataka kuwalisha maua mekundu ambayo huwageuza kuwa wakali wasiojitambua, wawe jeshi lake.

Majina ya wahusika wawili wakuu yanaonyesha kazi ya mtunzi. Roboti huyo anaitwa Quote na mwenzake wa kike anaitwa Curly Brace. Yote mawili ni majina ya alama ambazo mtayarishi programu huzichapa kila siku: alama ya nukuu na mabano ya mawimbi.

Silaha ni kumi, na nyingi kati yake huwa na ngazi tatu. Adui anaposhindwa huangusha vipembetatu vya rangi ya manjano, na mchezaji akivikusanya silaha yake hupanda ngazi. Akijeruhiwa, silaha hiyo hushuka. Kila kosa hivyo humpunguzia uhai na nguvu kwa mpigo mmoja.

Bw Amaya aliweka utani hata hapo. Silaha iitwayo Nemesis huwa kali mno katika ngazi ya kwanza, lakini ikipanda hadi ya tatu hurusha bata wa mpira.

Kutoka kwa Metroid alijifunza kumwelekeza mchezaji bila maneno. Mwanzoni roboti hana silaha, na njia ya kuelekea kijijini imezibwa kwa matofali yanayovunjika kwa risasi tu. Mchezaji hana budi kurudi upande mwingine, aingie nyumbani mwa fundi wa bunduki aliyelala na kuichukua silaha iliyo ndani ya sanduku. Hakuna maandishi yanayomwambia afanye hivyo.

Uzito wa uamuzi

Bunduki hiyo iliyochukuliwa bila ruhusa haisahauliki. Baadaye mchezaji hushawishiwa kuibadilisha kwa silaha nyingine yenye makali zaidi. Akikataa na kuvumilia na ile dhaifu hadi karibu na mwisho, anaweza kumrudia fundi mwenyewe, naye akaikamilisha ikawa miongoni mwa silaha bora kabisa mchezoni.

Tukio linalojadiliwa zaidi linamhusu Profesa Booster, anayetumbukia shimoni. Mchezaji mwenye huruma hukimbia kumtazama, naye profesa humkabidhi chombo chake cha kurukia kisha akafa. Mchezaji anayepita juu bila kusimama humkuta profesa baadaye akiwa hai, na hupewa chombo bora zaidi.

Mchezo una miisho mitatu. Mchezaji anaweza kukitoroka kisiwa na kuwaachia wengine maangamizi yao, anaweza kumshinda adui, au anaweza kuteremka mahali pagumu kuliko pote ili kukata mzizi wa laana yenyewe. Mwisho huu wa tatu haufikiwi bila kumwacha profesa shimoni.

Hapa ndipo penye ukosoaji wa haki. Hakuna kidokezo kinachotosha kumwonyesha mchezaji kwamba huruma yake itamfungia mlango. Wengi hulijua hilo baada ya kuambiwa na waliotangulia. Wanaoutetea mchezo husema kwamba siri za aina hii ndizo zilizowafanya vijana wa miaka ya 1980 kuulizana na kusaidiana.

Zawadi iliyovuka mipaka

Mchezo ulipotolewa ulikuwa kwa Kijapani pekee. Muda mfupi baadaye, kikundi cha wafasiri wa kujitolea kiitwacho Aeon Genesis kilitoa tafsiri ya Kiingereza. Mashabiki wengine waliendelea kuutafsiri kwa lugha nyingine na kuuwezesha kuchezwa kwenye tarakilishi ambazo mtunzi hakuzilenga.

Kwa kuwa maagizo ya matukio yalikuwa mafupi na yenye mpangilio, mashabiki walifaulu kuyasoma. Walitengeneza vihariri vyao na kutunga visa vipya juu ya msingi wa mchezo uleule. Kwa wengi wao hilo lilikuwa somo la kwanza la utunzi wa michezo.

Methali husema kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi ya Bw Amaya inaithibitisha kwa namna yake, kwa maana aliutunga mchezo peke yake lakini hakuufikisha ulimwenguni peke yake. Kilichowavuta wasaidizi hao wasiolipwa ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ametangulia kutoa bila kudai.

Biashara na hakimiliki

Umaarufu ulileta wafanyabiashara. Mnamo Machi 2010, kampuni ya Nicalis ya Marekani ilitoa toleo la kuuzwa la Cave Story kwa mashine ya Wii, kwa makubaliano na Bw Amaya. Mwaka wa 2011 yalifuata Cave Story 3D kwa mashine ya Nintendo 3DS, na Cave Story+ kwa tarakilishi. Toleo la mashine ya Switch lilitolewa mwaka wa 2017.

Matoleo hayo yaliongeza picha mpya na muziki uliopangwa upya, ingawa katika Cave Story+ mchezaji anaweza kurejelea picha za awali. Toleo la kwanza la mwaka wa 2004 halikugeuzwa kuwa la kulipiwa. Kazi zake za zamani nazo zilipata uhai mpya: Azarashi ilitolewa kwa simu za iPhone mwaka wa 2012, na Ikachan kwa mashine ya 3DS mwaka wa 2013.

Hata hivyo, ndoa ya zawadi na biashara haikukosa mvutano. Mwaka wa 2020, Nicalis iliomba kuondolewa mtandaoni kwa miradi ya mashabiki iliyokuwa imeuunda upya msimbo wa mchezo ili uweze kuhifadhiwa na kuchezwa kwenye mashine nyingine. Baadhi ya mashabiki walilalamika kwamba kazi yao ya miaka mingi ilikuwa ya kuuenzi mchezo, si kuuiba.

Kisheria, kutoa kitu bure si kukitupa. Mchezo unaopakuliwa bila malipo bado una mwenyewe, na haki ya kuuza, kubadilisha au kunakili msimbo hubaki kwake au kwa aliyepewa idhini. Hilo ni jambo ambalo kijana yeyote anayeweka kazi yake mtandaoni anapaswa kulifahamu mapema, na kuyaandika masharti yake waziwazi tangu siku ya kwanza.

Kazi za baadaye

Mnamo Mei 2014, Bw Amaya alitoa Kero Blaster, mchezo wa chura aliyeajiriwa katika kampuni ya usafi na anayetumwa kupambana na viumbe waharibifu. Kama ilivyokuwa kwa mtangulizi wake, mchezo huu nao ulibadilishwa kwa kiasi kikubwa kabla ya kukamilika, pamoja na jina lake la kwanza, Gero Blaster.

Muziki wake ulitungwa kwa Pxtone. Michezo miwili mifupi inayoandamana nao, Pink Hour wa mwaka wa 2014 na Pink Heaven wa mwaka wa 2015, ilitolewa bure, kama ilivyokuwa desturi ya mtunzi huyo tangu alipoanza.

Umuhimu wake

Mwaka wa 2004, fikra iliyotawala ilikuwa kwamba michezo ya tarakilishi ni kazi ya makampuni yenye fedha nyingi na mamia ya wafanyakazi. Tangu wakati huo, michezo iliyotungwa na mtu mmoja, kama vile Stardew Valley wa Eric Barone uliotolewa mwaka wa 2016, imeuzwa kwa mamilioni ya nakala.

Kwa msomaji anayetamani kujaribu fani hii, lililo kubwa katika historia ya Bw Amaya si kipaji pekee. Alianza na kazi ndogo zinazoweza kumalizika, akazimaliza. Alichagua ukubwa wa picha ambao mkono mmoja unaweza kuumudu. Alipokosa ala, alizitengeneza. Kisha akatumia yote hayo, kuanzia ngisi wa mwaka wa 2000 hadi noti alizozipanga kwa kipanya, kujengea pango moja ambalo watu wangali wanaliingia hadi leo.